Nzi Ndani ya Kompyuta: Namna ya Kuchagua Kipoza Prosesa Kisichopiga Kelele

Mteja alinirudishia kazi kwa ujumbe wa sauti wa sekunde nane. "Dada, sauti nzuri, ila kuna nzi anazunguka." Nikavaa hedifoni, nikaisikiliza upya ile simulizi ya dakika arobaini niliyoisoma usiku kucha na dirisha limefungwa. Kweli bwana. Kila nilipovuta pumzi kati ya sentensi, nzi huyo hapo: vuuuu, anapanda, anashuka, ananyamaza kidogo, anapanda tena.

Kazi yangu ni sauti. Nasoma matangazo, nasoma masomo, na pengine umeshanisikia kwenye simu nikikuomba ubonyeze moja ili kuendelea kwa Kiswahili. Studio yangu ni chumba cha nyuma hapa Tabata: mablanketi mawili ukutani, godoro kuukuu nyuma ya mlango, na kompyuta ya mezani iliyo mita moja na kidogo kutoka kwenye maiki. Nzi alikuwa feni ya prosesa, yaani ya ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta. Kumtoa kulinichukua miezi mitatu na manunuzi mawili, ya kwanza yakiwa hasara tupu. Wewe manunuzi mamoja yatakutosha.

Neno moja kabla sijaendelea. Madukani wanasema "feni ya prosesa" hata wakimaanisha mzigo mzima, yaani kitako, mabomba ya shaba, mapezi (vile vibati vyembamba vya kutolea joto) na feni yenyewe. Hapa mzigo mzima nitauita kipoza, na feni itabaki feni, maana kosa langu la kwanza lilitokana na kuvichanganya hivyo viwili.

Mjue kwanza anayepiga kelele

Kompyuta ya mezani ina wapiga kelele wengi: feni ya prosesa, feni za kasha (boksi la chuma la kompyuta), feni ya pawasaplai (kisanduku cha kugawa umeme), feni za kadi ya grafiki, na diski ya sahani kama bado unayo. Ukibadilisha kipoza kumbe mkosaji ni pawasaplai, umetupa hela.

Mimi nilitumia kalenda ya mwaka jana. Ikunje iwe bomba, fungua ubao wa pembeni wa kasha, weka sikio upande mmoja na mdomo wa bomba usogeze karibu na kila feni bila kuigusa. Utashangaa jinsi sauti zinavyojitenga. Kwangu walionekana wawili. Diski ilikuwa inanguruma chini kwa chini kupitia miguu ya kasha hadi mezani, na kipande cha kandambili chini ya kila mguu kilimaliza habari yake. Ile ya kupanda na kushuka ilikuwa feni ya prosesa, bila ubishi.

Kisha chukua kipimo ambacho hakina hisia. Programu za simu za kupima desibeli haziaminiki kwenye sauti ndogo, kwa hiyo rekodi ukimya. Washa maiki, nyamaza sekunde 30, kisha tazama kwenye Audacity au programu yoyote ya kuhariri sauti wastani wa ukimya huo ni ngapi. Usiguse kitufe cha kuongeza sauti ya maiki mpaka kazi yote iishe, la sivyo utakuwa unalinganisha embe na papai. Wangu ulikuwa desibeli hasi 49, na kadiri namba inavyozama chini ya sifuri ndivyo ukimya unavyozidi. ACX, lile jukwaa la vitabu vya sauti linalopeleka kazi Audible, linataka kelele ya chumba isizidi hasi 60. Nikajua nina safari. Kama wewe hurekodi, unataka tu mtoto alale asiamshwe, pima hivyo hivyo kwa maiki ya simu. Kinachotafutwa ni tofauti kati ya kabla na baada.

Kwa nini kile cha bure kinalia

Prosesa yangu ni Ryzen 5 3600 ya AMD, na ndani ya boksi lake huja kipoza kiitwacho Wraith Stealth. Kimo chake milimita 54. Ni gamba la alumini lisilo na bomba hata moja la shaba, na feni ndogo imekaa juu. Siyo kibaya, prosesa haitaungua. Ila chuma ni kidogo, kwa hiyo feni lazima ikimbie kufidia.

Hapo ndipo siri yote ilipo. Feni ukiipunguza mwendo hadi nusu, upepo unapungua hadi nusu, lakini kelele inashuka kwa karibu desibeli 15, na sikio huhesabu kila desibeli 10 kama sauti kupungua nusu. Yaani unapoteza upepo kidogo, unapata ukimya mwingi. Kwa hiyo unaponunua ukimya, unanunua chuma kingi, mapezi mengi na feni pana, ili feni ipate ruhusa ya kujivuta. Na feni mbili zinazofanana zinaongeza desibeli 3 tu juu ya moja, kwa hiyo mbili zinazotembea polepole zinaishinda moja inayotimua mbio.

Mabomba yale ya shaba, kwa asiyejua, siyo nondo. Ndani yana maji kidogo sana yaliyofungiwa bila hewa. Upande wa prosesa maji yanageuka mvuke, mvuke unakimbilia kwenye mapezi, unapoa, unarudi kuwa maji, na maji yananyonywa kurudi kunakotoka joto kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta ya taa. Mabomba manne ni kipoza cha kawaida. Sita ni kipoza chenye nafasi ya kupumua.

Joto la Dar halimo kwenye vipimo vyao

Hili niligundua kwa shida. Wapimaji wengi wa vipoza wanapimia kwenye vyumba vya nyuzi 21, 22, 23. Chumba changu mwezi wa Februari kinasoma 33, tena pangaboi limezimwa kwa sababu maiki inalisikia, na dirisha limefungwa kwa sababu ya bodaboda. Kipoza hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa ya chumba. Kinachoweza ni kupunguza pengo kati ya hizo mbili. Ukisoma kwamba kipoza fulani kiliiweka prosesa kwenye nyuzi 72 katika chumba cha nyuzi 22, pengo ni 50. Lichukue hilo pengo, ongeza joto la chumbani kwako. Kwangu inakuwa 83, na feni ambayo kwao ilikuwa inanong'ona, huku itaanza kupiga kelele.

Ndiyo maana nasema mtu wa Dar, Mombasa au Tanga aongeze ngazi moja ya kipoza juu ya ile wanayomshauri watu wa Ulaya. Aliye Mbeya au Njombe anaweza kuupuuza ushauri huu, amejaliwa.

Jua pia prosesa yako inakula umeme kiasi gani inapobanwa, maana namba kubwa inayotangazwa siyo ya mwisho. Yangu imeandikwa wati 65, lakini inaruhusiwa kufika 88. Core i5-12400 ya Intel nayo ni 65 kwa maandishi, na inafika 117. Core i9-13900K inafika 253, na mwenye hiyo asitegemee ukimya mkubwa akiwa kazini, kipoza chochote anunue.

Hasara ya kwanza

Nilikwenda Kariakoo saa sita mchana. Kijana akanitolea kipoza kinachowaka rangi zote za upinde wa mvua, akakiwasha juu ya kaunta.

"Dada, hiki hakisikiki kabisa."

Na kweli, hakikusikika. Kariakoo saa sita mchana, na spika ya duka la jirani inatangaza masufuria, hata jenereta usingelisikia. Nikalipa.

Nyumbani kililia kuliko cha bure. Nikakigeuzageuza mpaka nikaona kosa: plagi ya feni. Feni inayotii amri ya kompyuta ina plagi ndogo yenye matundu manne, na la nne ndilo linalobeba amri ya mwendo. Yenye matundu matatu inaweza kudhibitiwa kwa kupunguziwa volti, kama madabodi yako, ule ubao mkuu ambao prosesa imekaa juu yake, inakubali. Hii yangu ilikuwa na plagi kubwa nyeupe, ile ya kunyonya umeme moja kwa moja kutoka pawasaplai. Feni ya namna hiyo inajua mwendo mmoja tu, wa mwisho, mchana na usiku. Kwa hiyo dukani, kabla ya kutazama taa, omba uone plagi. Hesabu matundu kwa macho yako.

Kitu kingine cha kukagua pale pale ni kuizungusha feni kwa kidole. Ikikwaruza au kichwa kinacheza, iache. Halafu namba ya desibeli iliyoandikwa kwenye boksi usiipe uzito mkubwa. Kila kampuni inapima kwa namna yake, kwa umbali wake, kwenye chumba chake. Tafuta vipimo vya mtu ambaye ameweka vipoza vyote kwenye kelele ileile, kisha akaangalia kipi kinapoza zaidi. Kipimo hicho ndicho kinachomfaa anayetaka ukimya.

Rula kabla ya hela

Kipoza chenye chuma kingi ni kirefu, na kasha lina kuta. Nilichukua rula ya shule ya mwanangu, nikapima kutoka usawa wa juu wa prosesa hadi pale ubao wa pembeni unapofunga. Namba hii pia huandikwa kwenye maelezo ya kasha. Yangu: milimita 157.

Nikakaa na orodha. Noctua NH-D15, yule mkubwa wa Austria mwenye feni mbili za rangi ya kahawia, ana milimita 165. Nje. Hyper 212 Evo ya Cooler Master, 159. Nje. Noctua NH-U12S, niliyekuwa nimeshamwekea moyo, 158. Milimita moja! Nilirudia kupima mara nne, nikafikiria hata kuukunja ubao. Usifanye hivyo.

Waliobaki ni wa milimita 155: Pure Rock 2 ya be quiet! kutoka Ujerumani, DeepCool AK400, na Thermalright Peerless Assassin 120 SE. AK400 ina mabomba manne na feni moja, na nikuambie ukweli, kwa prosesa ya wati 88 ingetosha. Mfuko ukibana, chukua hiyo. Mimi nilimchukua Thermalright kwa sababu ya ile hesabu ya Februari: mabomba sita, feni mbili za milimita 120, mwendo wa juu 1,550 kwa dakika, na bei yake Marekani ni dola 35 hivi, wakati NH-D15 inapita 100. Sikukipata madukani, nikaagiza kwa wakala wa mizigo wa Guangzhou, kikaja kwa ndege kwa bei ya kilo.

Rula usiirudishe bado. Feni ya mbele ya vipoza hivi huning'inia karibu na RAM, vile vibao vya kumbukumbu, au juu yake kabisa. RAM ya kawaida isiyovishwa kofia ina kimo cha milimita 31 na inapita. Ile yenye kofia na taa inaweza kukulazimisha kuipandisha feni juu, na ukiipandisha, kile kimo ulichopima kinaongezeka.

Soketi pia, yaani kiti cha prosesa kwenye madabodi. AM4 na AM5 za AMD zina nafasi sawa za matundu, kwa hiyo vipoza vingi vinaingia kote, ila kwenye AM5 lile bamba la nyuma ya madabodi halitoki, na kipoza kinacholeta bamba lake kitagoma. Kwa Intel, LGA1200 na LGA1151 zina milimita 75 kati ya matundu, LGA1700 ina 78. Kipoza kilichokaa dukani tangu kabla ya 2021 huenda hakina vyuma vya kufungia LGA1700. Uliza, na ufunguliwe boksi.

Wenye Dell OptiPlex na HP ndogo zilizotoka Uingereza zikiwa zimeshatumika, hapa mnisikilize: msinunue kipoza cha mnara, yaani kirefu kama hivi nilivyovitaja. Nyingi zina plagi ya feni ya kwao peke yao na matundu ya kufungia ya kwao, na Dell ikikosa feni yake inasimama wakati wa kuwaka na kulalamika. Kwa mashine hizo safisha vumbi, badilisha pesti (ule uji wa kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza), na mara nyingi kelele inapungua kwa bei ya soda mbili.

Kuhusu vipoza vya maji nitakuwa mfupi. Vina pampu, na pampu hailali. Kwa prosesa ya kawaida kwenye chumba cha kurekodia, unalipa zaidi ili upate mpiga kelele mpya.

Siku ya kufunga

Hapa wenye AM4, kama mimi, ndipo wanapolia. Prosesa yake ina miguu 1,331 iliyopakwa dhahabu, myembamba kama nywele, na pesti ya zamani hukauka ikawa gundi. Ukivuta kipoza kwa nguvu, kinatoka na prosesa yenyewe kutoka kwenye soketi, miguu imepinda. Dawa yake: ichoshe kompyuta dakika kumi kwa kazi nzito ili pesti ilainike, zima, chomoa waya wa umeme, legeza skrubu nne kwa mshazari, kisha zungusha kipoza kushoto na kulia, taratibu, kama unafungua kifuniko cha chupa ya asali. Kikianza kuteleza ndipo unainua. Niliizungusha huku nikisema bismillah kila robo duara.

Kwenye Wraith Stealth skrubu hizo nne ndizo zinazoshikilia pia bamba la nyuma. Ukizitoa zote, bamba linadondoka. Fungua mbao zote mbili za kasha na mkono mmoja uwe nyuma.

Futa pesti ya zamani kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi. Weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi katikati. Geuza kipoza ukitazame kitako, na kama kuna plastiki ya kulinda, ibandue. Usicheke, wapo wengi walioisahau na wakailaumu kampuni. Kaza skrubu kidogo huku, kidogo kule. Feni zote mbili zipulize upande mmoja, kuelekea nyuma ya kasha, na upande wa feni wenye vijiti vya kushikilia mota ndiko upepo unakotokea. Plagi iende palipoandikwa CPU_FAN, kama feni ni mbili tumia waya wa kugawanya.

Nusu ya ukimya iko BIOS

Nilipowasha, nzi alikuwa amepungua lakini hajafa. Alikuwa bado anapanda na kushuka. Ryzen huruka nyuzi kumi kwa kufungua tu ukurasa wa intaneti, na madabodi, kwa mipangilio ya kiwandani, inafukuzia kila mruko. Sikio linasamehe mvumo ulio sawasawa. Linachokataa ni ule wa kubadilikabadilika.

Ingia BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapoanza kuwaka, tafuta mpangilio wa mwendo wa feni. Wangu uko hivi: hadi nyuzi 60 feni inabaki asilimia 35, haisogei. Kwenye 75 inafika 50. Kwenye 85 inafungulia zote. Kisha tafuta kipengele cha kuchelewesha feni isipande papo hapo, na ukiweke kwenye muda mrefu kadiri kinavyoruhusu. Kipoza chenye chuma kingi kinameza miruko hiyo bila msaada wa feni. BIOS yako ikiwa na roho mbaya, kwenye Windows kuna programu ya bure iitwayo Fan Control inayofanya kazi hiyo.

Nikaongeza na kitu kimoja cha bure: BIOS ya madabodi nyingi za AMD ina hali ya Eco, ambayo kwa prosesa kama yangu inashusha wati 65 hadi 45. Kurekodi sauti hakuhitaji nguvu zaidi ya hizo. Ninapotengeneza video ndipo naizima.

Nikafunga mlango, nikazima pangaboi, nikanyamaza sekunde 30. Hasi 63. Kipimajoto cha chumba kilikuwa 33, prosesa 52, na video ya jioni ile ikaipeleka 74, feni ikipanda kidogo tu na kwa utaratibu.

Tangu hapo kazi iliyobaki ni vumbi. Kila baada ya miezi mitatu napitisha brashi laini kwenye mapezi, kisha blowa, huku nimezishika feni kwa kidole zisizunguke, maana blowa inaweza kuizungusha feni kuliko mota yake ilivyozoea na kuiharibu. Kompyuta ikipanda bodaboda au bajaji, naibeba imelala ili uzito wa kipoza usivute madabodi. Mwenye NH-D15 ya kilo 1.3 hilo alichukulie kama amri.

Na Wraith yangu sijaitupa. Imo kwenye boksi lake juu ya kabati pamoja na skrubu zake nne na pesti kidogo, kwa ajili ya usiku ambao feni moja itagoma na mteja anataka kazi saa mbili asubuhi.